Mizani Ilipogoma: Tulichojifunza kwa Baiskeli ya Busiu



Sifa zote njema ni za Allah (s.w), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w). Ama baad, leo tumependa kuwashirikisha jambo lililotokea ndani ya nyumba yetu, huenda likamfaa mwenzetu aliyekata tamaa kama tulivyotaka kukata tamaa sisi.

Sisi ni mume na mke, tunaishi Busiu, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Mbale kwenda Tororo. (Ni Busiu, si Busia ya mpakani. Wengi huchanganya.) Mwaka 2023, siku chache baada ya Idi ya Ramadhani, baba wa nyumba alikwenda kupima afya. Uzito ulikuwa kilo 94, presha 152 kwa 96, na sukari imepanda. Haijawa ugonjwa, aliambiwa, lakini inaelekea huko. Mama yake mzazi alifariki kwa ugonjwa wa sukari, baada ya kukatwa mguu. Siku ile tulirudi nyumbani kimya. Tuna watoto wanne, na wa mwisho alikuwa hajaanza shule.

Muuguzi alishauri mazoezi. Mtu wa Busiu hana haja ya kutafuta mazoezi mbali, baiskeli zipo. Huku kwetu ni chombo cha kazi, hubeba matoke, mkaa na madumu ya maji. Hata bodaboda zilianza kwa baiskeli, zilipokuwa zikivusha abiria na mizigo mpakani mwa Uganda na Kenya, kabla pikipiki hazijatawala. Lakini siku hizi mwalimu akionekana juu ya baiskeli, watu hudhani amefilisika. Tulimwomba Allah atuondolee haya isiyo na maana, tukanunua Hero iliyotumika, ya gia moja. Tukanuia: siku nne kwa wiki baba wa nyumba atakwenda kazini Mbale kwa baiskeli na kurudi nayo.

Safari ni kama saa moja kwenda na saa moja kurudi. Unatoka baada ya swala ya Alfajiri, mlima Wanale uko mkono wa kulia, jua bado limejificha nyuma yake. Unapita Nabumali Corner wachuuzi wanapanga ndizi. Wiki ya kwanza miguu iliuma mpaka kurukuu ikawa shida. Wiki ya nne maumivu yakaisha. Mwisho wa mwezi wa pili mizani ilisoma kilo 90, na katikati ya Septemba kilo 87. Alhamdulillah, tulifurahi mno. Watoto walikuwa wakigombania kusoma namba.

Kisha mizani ikagoma. Wiki ya kwanza 87. Wiki ya pili 87. Wiki ya tatu ikapanda nusu kilo, ya nne ikarudi pale pale. Ikawa hivyo mpaka mwisho wa Novemba, na baiskeli haikulala hata wiki moja, mvua na jua.

Ndugu msomaji, hapo ndipo shetani alipopata mlango. Mama wa nyumba alianza kushuku kwamba baba watoto anakula mjini. Baba wa nyumba naye alisema mafuta yanayomiminwa katika sufuria yangetosha kuendeshea lori. Maneno yakawa makali mbele ya watoto, jambo tunalolijutia mpaka leo. Jioni moja baba wa nyumba akasema, "Mama watoto, hii baiskeli nitaiuza. Nimepigwa na mvua bure." Mama wa nyumba hakujibu. Alikwenda kukaa uani, na alipofuatwa alikuwa analia. Akasema, "Mimi sililii kilo. Naogopa kubaki na watoto wanne peke yangu."

Usiku ule tulikaa chini, tukakubaliana kila mmoja aseme kweli, na mwenzake asikasirike.

Baba wa nyumba alikiri. Kila asubuhi akifika Mbale alikuwa ananunua chapati mbili zilizokunjwa na mayai, ile tunayoiita roleksi, na soda moja, kwa sababu "nimeshaendesha, nimestahili". Mama wa nyumba naye alikiri. Jioni alikuwa anapakua sahani mbili badala ya moja, posho na malewa ya karanga, kwa kuwa alimhurumia mtu aliyetoka mbali. Na ili mgeni wa sahani asile peke yake, naye alikuwa anakula tena. Tulipohesabu chai tukakuta vikombe vinne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na fungu lake katika kosa hili, na yote mawili yalitokana na mapenzi na uchovu, si uovu.

Mpwa wetu mwanafunzi, aliyekuja kututembelea wiki hiyo, alitusaidia kuelewa kwa nini uzito hugoma hata kwa mtu anayejituma. Tunayaweka hapa kwa ufupi:

1. Kilo za mwanzo si mafuta matupu. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini pamoja na maji mengi. Ukianza mazoezi na kupunguza chakula, akiba hiyo hupungua na maji yake hutoka, na mizani hushuka haraka. Baadaye mwendo huo hauwezi kuendelea.

2. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo. Baiskeli iliyobeba kilo 87 inahitaji jasho dogo kuliko iliyobeba 94, kwa njia ile ile na muda ule ule.

3. Mwili hubana matumizi. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu zinazotumiwa kwa siku na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Wahadzabe hutembea sana kuliko watu wa mijini, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya nguvu wanazotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Wataalamu wanaendelea kujadili jambo hili, lakini funzo moja liko wazi: ukiongeza mazoezi, mwili unaweza kupunguza matumizi mahali pengine. Sisi tulilielewa mara moja, kwa maana baba wa nyumba akirudi alikuwa analala kitini mpaka Isha.

4. Mdomo hulipa haraka kuliko miguu. Saa moja ya baiskeli kwa mwendo wa wastani, kwa mtu wa uzito ule, hutumia kalori kama 500. Chapati mbili na mayai mawili hufika hapo au kupita, na soda ya mililita 300 huongeza zaidi ya 120. Safari ya asubuhi ilikuwa imeshalipwa kabla kengele ya shule haijalia.

Basi baiskeli haikuwa na kosa, na mafundisho tulikuwa nayo siku zote. Qur'an imetuamrisha tule na tunywe bila kufanya israfu (Suratul A'raf, aya ya 31). Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba vitonge vichache vya kumwezesha mtu kusimama vinamtosha, na ikiwa hana budi kuzidisha, basi tumbo lake aligawe sehemu 3: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi (Tirmidhi). Tuliisikia hadithi hii misikitini tangu utotoni, lakini hatukuwahi kuifikisha jikoni.

Tulibadilisha mambo machache tu. Roleksi ikaisha, baba wa nyumba akawa anabeba mayai ya kuchemsha na ndizi kutoka nyumbani. Sahani ikawa moja, nusu yake mboga za majani. Sukari ikashuka kijiko kimoja, kisha tukazoea chai ya tangawizi bila sukari. Tulirudia pia sunna ya kufunga Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo baiskeli inapumzika. (Mwenye kutumia dawa za sukari au presha asifanye hivi kabla ya kumwona daktari.) Jioni tunatembea pamoja, tukimkumbuka Bi Aisha (r.a), aliyeshindana mbio na Mtume (s.a.w) akamshinda, kisha miaka ilipopita na mwili wake ukanenepa, akashindwa, na Mtume (s.a.w) akamtania kwamba sasa wamelipana (Abu Daud). Uzito haukuwa jambo la kudhalilishana katika nyumba ile. Kwetu ulikuwa umeanza kuwa hivyo.

Ramadhani ya 2024 ilipoingia mwezi Machi, mizani ilisoma kilo 83. Ikafika 82, ikagoma tena, na hapo ndipo ilipo mpaka leo. Lakini presha sasa ni 126 kwa 80, sukari imerudi mahali pake, na mkanda umeingia matundu matatu. Tumejifunza kwamba mazoezi huufaa moyo na sukari hata namba isiposhuka, na kwamba mizani si shahidi pekee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na katika hesabu hiyo hakuna sharti la kilo.

Kwa wazazi na wanafunzi wenzetu, mkiona uzito umesimama, msiuze baiskeli. Kaeni chini kwanza mwambiane kweli kuhusu sahani, tena kwa upole. Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Hero yetu bado iko ukutani, mnyororo umepakwa mafuta, na kesho Alfajiri itatoka, in shaa Allah.

Allah (s.w) atujaalie afya, na atujaalie kuitumia katika kumtii. Amin.

Wabillahi tawfiq.