NCHELENGE: NGOMA ISIVUKE ZIWA KABLA YA FEDHA

Msafiri atokaye Tunduma, akapita Kasama na kushika njia ya magharibi, hufika Kawambwa, mji wa uwanda wa juu ujulikanao kwa mashamba yake ya chai. Kutoka hapo barabara huteremka bondeni. Hewa hubadilika ikawa nzito yenye joto, na nyumba hufuatana kandokando ya njia kama shanga katika uzi. Hilo ndilo bonde la mto Luapula. Akigeukia kaskazini, hatimaye huyaona maji mapana upande wake wa kushoto, nalo ni Ziwa Mweru. Ufukoni mwake ndipo ilipo Nchelenge, pamoja na jirani yake Kashikishi, miji miwili ya Zambia iliyokaribiana hata mgeni asijue mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi.

Ziwa hili lina ukubwa upatao kilometa za mraba 5,000, na mpaka wa Zambia na Kongo hupita ndani yake. Ng'ambo ya magharibi, katika nchi ya Kongo, upo mji uitwao Kilwa. Na katika maji ya Zambia kipo kisiwa chenye jina hilohilo. Mswahili wa pwani alisikiapo jina hilo hukumbuka Kilwa ya kwao, wala hapungukiwi na mtu wa kuzungumza naye. Kibemba ndicho kinachotawala, lakini Kiswahili cha Kongo huvuka ziwa pamoja na wafanyabiashara. Tena tangu mwaka 2018, yalipofunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala katika wilaya ya Nchelenge, lugha hiyo imepata wasemaji wengine wengi.

SOKO LA MACHO KWA MACHO

Uchumi wa Nchelenge ni samaki. Wapo pale, jamii ya perege, na wapo chisense, dagaa wadogo wavuliwao usiku kwa taa na kuanikwa juani. Mnunuzi hushika samaki kwa mkono, hunusa, hupima, hubishana bei. Muuzaji naye huhesabu noti zake moja baada ya nyingine. Kila mmoja humwona mwenziwe usoni, na mzigo hauondoki kabla ya fedha kuhesabiwa.

Biashara ya mbali si ngeni katika nchi hii. Kusini mwa ziwa, huko Mwansabombwe, ndiko makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Mwaka 1798 Mreno Lacerda alifika katika ufalme huo akitafuta njia ya biashara, na huko ndiko alikofia. Mwaka 1867 David Livingstone alifika naye akawakuta wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka upande wa pwani yetu. Pembe za ndovu na shaba zilisafiri mwendo wa miezi mingi. Hata hivyo mnunuzi wa zamani, hata akitoka mbali kiasi gani, alikuja mwenyewe au alimtuma mtu wake, akangoja mlangoni kwa Mwata mpaka shauri lake likatazamwe. Mnunuzi wa leo haji. Hutuma maneno tu kwa simu.

NGOMA ZA BONDE

Kila mwaka mwezi wa Julai, Mwansabombwe hujaa watu kwa sherehe ya Mutomboko, ambapo Mwata hucheza ngoma ya ushindi mbele ya raia zake. Hapo ndipo mgeni husikia mondo, ngoma isiyo na ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani na kuachiwa ufa juu, ambalo mpigaji hulisemesha kwa kufuata sauti za juu na za chini za maneno. Mkoa huu pia ni miongoni mwa yale yanayotajwa sana kuwa chimbuko la kalindula, muziki uliopewa jina la gitaa la besi la kutengenezwa nyumbani. Muziki huo ulivuma Zambia nzima baada ya Rais Kaunda, katika miaka ya 1970, kuagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia.

Basi ala za bonde hili zina sifa, na wapo watu Ulaya na Marekani wanaozitamani. Fundi naye ana sababu ya kuwatafuta. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi hiyo nyavu hutundikwa, na nyumba iliyozoea fedha za samaki hutazama huku na huku. Wakati huo ndio mahitaji ya shule hutakiwa, maana mwaka wa masomo huanza Januari. Picha ya ngoma ikiwekwa kwenye mtandao, na jibu likatoka ng'ambo, jamaa wote hukusanyika kuitazama ile simu.

HUNDI KUBWA KULIKO BEI

Na tuchukue mfano. Fundi ametangaza ngoma kwa dola 300. Mtu anaandika kwamba yuko ng'ambo, ameipenda, wala habishani bei. Haulizi mti gani wala ngozi gani. Anasema kwamba wakala wake atakuja kuichukua, na kwamba atatuma hundi ya dola 1,500 ili ilipe kila kitu. Fundi achukue 300 zake, aongeze 50 za asante, na zile 1,150 ampelekee wakala kwa njia ya haraka.

Hundi inafika, ina mihuri mizuri. Benki inaweza kuiingiza katika akaunti kabla ya kupata uthibitisho kutoka benki iliyoandikwa juu yake, na uthibitisho huo huchukua majuma kadhaa. Fundi anaona fedha katika hesabu yake, anafurahi, anatuma 1,150. Baadaye hundi inarudi kwa kuwa ni ya bandia. Benki inadai dola zote 1,500, wakala hapatikani, na ngoma imekwenda. Aliyetaka fedha za mahitaji ya shule ya mtoto mmoja sasa ana deni linaloweza kula za watoto kadhaa.

Njia nyingine ni ya barua pepe ya uongo, isemayo kwamba fedha zimekwisha kulipwa lakini zimezuiliwa mpaka muuzaji atume namba ya mzigo wa posta. Wengine hulipa kwa kadi ya wizi. Mwenye kadi halisi akigundua hulalamika kwa benki yake, na fedha hurudishwa kwake baada ya mzigo kusafiri. Wengine hudai kwanza ada ya forodha au ya wakili, kisha ada nyingine, na nyingine.

Tena ajiitaye wa ng'ambo huenda hayuko ng'ambo. Mwezi wa Aprili 2024, vyombo vya dola vya Zambia vilivamia kampuni moja mjini Lusaka na kuwakamata watu 77. Vijana wa Kizambia walikuwa wameajiriwa humo kuandikiana na watu wa nchi mbalimbali kwa majina yasiyo yao. Juni mwaka huohuo Wachina 22 na Mkameruni mmoja walihukumiwa vifungo, baadhi yao hadi miaka 11.

NGOZI NA MBAO

Hata mnunuzi akiwa mwaminifu, hatari hazijaisha. Gogo lisilokauka vizuri hupasuka likifika katika nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi, na mnunuzi hudai fedha zake kwa haki. Ngozi nayo huchunguzwa na forodha. Mwaka 2006 fundi wa ngoma mjini New York aliugua kimeta kutokana na ngozi za mbuzi zilizotoka Afrika Magharibi. Mwaka 2008 fundi mwingine mjini London alikufa kwa ugonjwa huo. Ngozi ya kenge, ambayo baadhi ya makabila ya Afrika Mashariki huiwamba ngomani, imo katika mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe, na haivuki mpaka bila kibali. Ngoma iliyokosa hati huweza kuzuiliwa au kuchomwa moto, na hasara humrudia aliyeituma.

WAJIBU WA JAMAA

Mambo haya hayahusu bonde la Luapula peke yake. Askari mstaafu wa bendi anayetaka kuuza tarumbeta alilolinunua mwenyewe, au mjane aliyeachiwa gitaa na marehemu mumewe, atakutana na barua zilezile. Yafaa basi kila nyumba ishike kanuni chache. Fedha zizidizo bei zisipokewe kamwe, wala sehemu yake isirudishwe kwa mtu wa tatu. Meneja wa benki aulizwe, si kama fedha zimeingia, bali kama haziwezi tena kurudi. Ngoma ipigwe picha kila upande kabla ya kufungwa, na risiti zote ziwekwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Aliyekwisha kudanganywa asifute ujumbe hata mmoja. Aende mara moja benki na kituo cha polisi na simu ileile, kwa maana huo ndio ushahidi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na Zambia ilitunga yake mwaka 2021 kisha ikaipitia upya mwaka 2025. Lakini sheria haiwezi kumsaidia anayenyamaza kwa aibu. Naye askari wa zamu anayempokea mtu wa namna hiyo asimcheke, maana mcheko mmoja huwafukuza walalamikaji kumi.

Jioni jua huzama upande wa Kongo, na mitumbwi huonekana myeusi juu ya maji mekundu. Pale ufukoni mama muuza dagaa bado anahesabu noti zake, na mnunuzi anangoja kimya hadi amalize, ndipo achukue mzigo. Mama huyo hakusoma kanuni hiyo popote. Ni desturi ya ufukoni. Fundi wa ngoma naye aishike desturi hiyohiyo anapouza kwa simu.