Mpira Mpya Si Mpira Safi

Trekta la baba mdogo lina mipira minane ya haidroliki kwenye kijiko cha mbele, na ndani ya miaka sita nimeibadilisha yote, mingine mara mbili. Nayaandika haya hapa, katikati ya tahakiki za riwaya, kwa sababu wanaonijua kwa vitabu huniuliza nafanya nini Magugu msimu mzima wa kiangazi. Jibu ndilo hili.

Ukiuona dukani, mpira wa haidroliki hauna maajabu. Ndani kuna mpira laini, katikati waya wa chuma uliosukwa kama ukili, juu ganda jeusi. Ubavuni kuna maandishi: upana wa tundu kwa inchi, shinikizo unalolimudu, aghalabu hata robo ya mwaka ulipotengenezwa. R1 ni tabaka moja la waya, R2 ni mawili. Wengi hawayasomi. Mimi nasoma kila chenye herufi, ndiyo maradhi yangu. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa 30 hivi, kama wasemavyo mafundi pancha. Kijiko kikinyanyua mchanga uliolowa, oili ndani ya mpira ule inaweza kusukuma kwa psi 2,500.

Baba mdogo alilijua hilo kwa kidole chake. Miaka mingi kabla sijashika spana, aliona ukungu mwembamba wa oili ukitoka kwenye mpira uliochakaa, akaupapasa kutafuta tundu. "Kama mwiba tu," anasema mpaka leo. Damu yenyewe haikutoka ya maana. Zahanati aliyokimbilia walimsafisha, wakampa vidonge vya maumivu, wakamwambia arudi baada ya siku tatu. Usiku huohuo mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko. Oili ikipenya ngozi kwa nguvu ile husambaa ndani kwa ndani, na udogo wa tundu haukuambii kitu. Mtu wa namna hiyo anatakiwa kwa daktari wa upasuaji ndani ya saa chache. Walipofika hospitali kubwa, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakikuwa tena cha kuokolewa. Ndiyo maana kwetu uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi au ubao, kiganja kikae mbali.

Sasa kiangazi kilichopita mpira wa silinda ya kunyanyulia ulivimba mahali pamoja, kama jipu. Malori matatu yalikuwa yanangoja mchanga korongoni. Mdogo wangu, ndiye dereva, alikuwa ameshakata ukanda wa tyubu ya baiskeli na kuchukua waya.

"Dada, tripu nne tu zimebaki. Naufunga, unafika jioni."

Baba mdogo alikuwa kimya, na ukimya wake siku ile ulielekea upande wa tripu nne. Ada ya shule ilikuwa inadaiwa.

Tunapenda sana hadithi za fundi wa kwetu anayeunga kila kitu kwa tyubu na waya. Nazipenda pia, na nimewahi kuzisifia humuhumu. Lakini tyubu juu ya mpira wa haidroliki haizibi kitu, inaficha tu. Na chini ya kijiko kile hupita vijana wenye mabeleshi, wanakusanya mchanga unaomwagika. Mpira ukipasuka kijiko hakishuki, kinaanguka. Nikachomoa ufunguo. Malori mawili yakageuza kwenda kutafuta mwingine, na usiku ule mezani hakuna aliyeniongelesha.

Kesho yake nikapanda basi la Arusha, mpira mbovu kwenye kiroba. Dukani kijana aliupima, akakata mpya kwa grinda, cheche na harufu, akabana vichwa kwa mashine. "Tayari, dada." Nikamwomba aupulize ndani kwa kompresa.

"Si mpya huu?"

Mpya ndiyo, msafi hapana. Diski ya grinda huacha unga wa mpira na chuma ndani ya tundu, na unga ule ukifungwa kwenye trekta safari yake ni kwenye valvu, silinda na pampu. Unywele wa mtu ni maikroni 70 hivi. Chini ya 40 jicho halioni tena, na chembe ndogo kuliko hizo zinatosha kukwaruza pampu kidogo kidogo. Pampu ni bei ya mipira mingi sana. Nikashika karatasi nyeupe upande wa pili, naye akapuliza, akioneshwa wazi kuwa nimemchosha. Karatasi ikawa na madoa meusi. Akaitazama, akapuliza tena mara mbili bila kuambiwa, kisha akaziba ncha zote kwa nailoni.

Kufunga hakukuchukua muda. Kijiko chini kabisa, injini imezimwa, leva zikasukumwa huku na huku mpaka presha ikafa. Kabla ya kulegeza chochote tulisugua maungio kwa brashi na dizeli, maana kilicho nje huingia ukifungua. Spana mbili: moja inashika, nyingine inazungusha. Maandishi ya ubavuni husaidia hapo, kwani mstari wake ukienda kama kamba iliyosokotwa ujue mpira umejipinda na hautadumu.

Mdogo wangu akawasha, akanyanyua na kushusha polepole bila mzigo ili hewa itoke. Nilimwona ameshika boksi la biskuti kwa mkono mwingine. Oili ilikuwa imepungua kwenye tangi. Baba mdogo akaimimina mwenyewe kupitia kichungio, akafunika, akaniuliza risiti ya Arusha iko wapi.