Nilisingizia Mvua

Nakiri: uwele wa shangazi yangu ulioungua kule Mvumi, mkoani Dodoma, niliuunguza mimi, kisha nikasingizia mvua.

Shamba lake ni la kichanga chekundu, naye alizoea kulitia samadi ya ng'ombe. Mimi nilikuwa nimevuna vizuri mbugani, kwenye mfinyanzi mweusi, kwa kutia mbolea ya urea. Nikamwambia aachane na samadi. Akauza mbuzi, akanunua mfuko wa urea. Tukaimwaga juu ya ardhi, karibu kabisa na mashina, kwa kipimo kilekile cha mbugani.

Mfinyanzi hushika maji na virutubisho; kichanga huviacha vizame chini, mizizi isivipate. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Ikirundikwa shinani udongo ukiwa mkavu, huinyima mizizi maji na mmea huungua. Ikiachwa juani bila kufukiwa, sehemu yake hugeuka hewa ikapotea. Na Dodoma hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, katika msimu mmoja ambao hukatika katikati mara nyingi. Samadi niliyoidharau ndiyo ingekisaidia kichanga kile kutunza unyevu.

Kongwa, mkoani humuhumu, Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947. Udongo ulikauka ukawa mgumu, karanga zikakwama ardhini, mvua nazo zikawa haba. Mwaka 1951 waliuacha, wamepoteza takriban pauni milioni 36. Niliyasoma hayo shuleni kama makosa ya wageni. Sikudhani mzaliwa wa hapa anaweza kuyarudia.

Shangazi aliponiuliza kulikoni, nilijibu, "Ni mvua, shangazi." Akaniamini. Kwa kuwa aliniamini, msimu uliofuata akauza mbuzi mwingine, akatia urea vilevile, akakosa tena. Hapo ndipo nikamweleza ukweli.

"Ungesema mapema, mwanangu," aliniambia, "yule wa pili nisingemuuza."

Kukosea kipimo kulikuwa ujinga. Kunyamaza kulikuwa dhambi.

Urea si adui. Siku hizi tunatia samadi kwanza, kisha urea kidogo kwa kila shimo, kando ya shina, ardhi ikiwa na unyevu, na tunaifukia. Nawe unayemshauri mwenzio anunue mbolea, chukua kwanza udongo wake, uuloweshe, uufinyange kiganjani. Ukiviringika, una mfinyanzi. Ukimomonyoka, ni kichanga. Na ushauri wako ukimletea hasara, mwambie kabla hajapanda tena.