Mganga wa Ng'ombe Ng'ambo ya Ruzizi

Mwaka 1964 sisi wa Uvira tulipata habari za Bujumbura kabla ya zile za Bukavu. Taa za Bujumbura tuliziona usiku ng'ambo ya ziwa. Bukavu ilikuwa huko juu milimani, na barabara yake ni ya kumwomba Mungu. Hivyo mwezi wa nne, Mwami Mwambutsa wa Burundi alipomweka Albin Nyamoya kuwa waziri mkuu mahali pa Pierre Ngendandumwe, wachuuzi waliovuka Kavimvira ndio waliotuambia. Hawakuanza na chama chake wala kabila lake. Walisema: ni mganga wa ng'ombe.

Baba mkubwa, aliyekuwa na ng'ombe katika bonde la Ruzizi, alifurahi. Nyamoya alisomea uganga wa mifugo Astrida, shule ambako Wabelgiji waliwafunza makarani na watoto wa machifu. Kwa baba mkubwa, mtu anayejua namna ndigana inavyoua ndama aliwapita wanasiasa wote wa Léopoldville. "Ng'ombe hasemi panapomuuma," alisema. "Huyu amezoea kuangalia."

Na ya kuangalia yalikuwepo. Gaston Soumialot, kiongozi wa waasi wa Kongo, alikuwa amekwisha kufika Bujumbura, ubalozi wa Wachina pia, na katikati ya mwezi wa tano Uvira ikaangukia mikononi mwa waasi. Watu wakaulizana: mganga anajua? Mimi nasema alijua. Vita vikiwa karibu hivyo, serikali haihitaji jasusi. Ila uwezo wake ulikuwa wa kuazima. Mwami aliyemteua ndiye aliyemwondoa tarehe 7 Januari 1965 na kumrudisha Ngendandumwe, ambaye alipigwa risasi siku nane baadaye, akitoka hospitali kumwona mkewe aliyejifungua. Kabla mwezi haujaisha, Wachina nao walifukuzwa.

Baba mkubwa hakumtaja tena hadi 1972. Mwaka huo mauaji yalipozuka Burundi, Wahutu walivuka Ruzizi kuja kwetu, wengi wao watu wa shule, maana hao ndio waliokuwa wakisakwa. Mwezi wa saba redio ikatangaza kwamba Rais Micombero amerudisha cheo cha waziri mkuu, na kwamba mwenye cheo ni Nyamoya. Baba mkubwa akaanza zile habari zake za Astrida mbele ya mwalimu mmoja mkimbizi tuliyekuwa tumempokea. Mwalimu akainuka, akatoka nje.

Juni 1973 Micombero alimwondoa Nyamoya, na cheo chenyewe kikafutwa.