Neno la siri la watu sita

Nimekuwa kimya, na safari hii si umeme wala intaneti. Kulikuwa na mambo ya ofisini, nikaona yatulie kwanza ndipo niyasimulie.

Mimi ni mwandishi wa programu hapa Nakuru (mji wetu, ambao tangu Desemba 2021 unaitwa jiji) na ninaongoza vijana wanne. Nikisema ninaongoza usifikirie kiti cha ngozi. Meza yangu iko karibu na mlango wa choo. Kazi yetu kubwa ni programu ya vyama vya ushirika vya maziwa. Mkulima analeta maziwa asubuhi, mizani inapima, kilo zinaingia kwenye hifadhidata, na mwisho wa mwezi anakatwa deni la vyakula vya ng'ombe na kulipwa kinachobaki. Hakuna maajabu. Lakini kilo tano zikipotea humo ndani, kuna mtu mwenye ng'ombe wawili huko Mau Narok anayejua kabisa kwamba alizileta.

Mwezi mmoja zikapotea, na si tano. Wakulima wengi walipata malipo pungufu, na mwenyekiti wa chama chao akampigia simu mkurugenzi wetu Jumamosi usiku. Jumatatu saa mbili asubuhi meneja wa shughuli alikuwa mezani kwangu. Akasema kwa upole kabisa, "Mzee, hii ni kazi ya yule kijana wa mafunzo. Andika ripoti fupi, tumrudishe chuo mapema, mambo yaishe."

Kijana mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, amebakiza wiki tatu na sisi. Hakuwa na mkataba, hakuwa na mshahara, hakuwa na mjomba ofisini. Kumtwisha lawama hakungemgharimu yeyote hata shilingi.

Nikafungua kumbukumbu za seva. Kilo zilibadilishwa siku ya Ijumaa saa moja na dakika arobaini usiku. Mtu alipakia jedwali la zamani juu ya lile jipya. Haukuwa wizi, lilikuwa kosa la mtu aliyechoka. Saa hiyo kijana alikuwa kwao Njoro. Tulitoka naye saa kumi na moja jioni tukatembea pamoja mpaka steji, nikamwona akipanda matatu. Kompyuta iliyotumika ni ile ya ofisi ya shughuli. Na jina lililoingia kwenye mfumo lilikuwa "msimamizi".

Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia. Akaunti ya "msimamizi" ilikuwa na neno moja la siri, na tulilijua watu sita. Niliruhusu hivyo mwenyewe kwa miaka miwili. Kila nilipotaka kulibadilisha meneja alisema nitawachelewesha watu wake, nami sikutaka ugomvi. Tunadhani siasa za ofisini ni za wale wanaonong'ona kwenye chai ya saa nne. Zangu zilikuwa za kunyamaza.

Serikalini wameyaona haya kwa pesa nyingi zaidi. Katika sakata ya NYS ya mwaka 2015, ile ya Sh791 milioni, mabishano mengi yalikuwa kuhusu maneno ya siri ya mfumo wa malipo wa IFMIS: nani alitumia la nani. Mfumo wa gharama ile, na bado swali likabaki lile lile la kwetu, kwamba ni nani aliyekuwa amekalia kiti.

Mchana nikaenda kwa mhasibu wetu, mama mtu mzima ambaye ameona mabosi wengi wakija na kuondoka. Nikamweleza. Akavua miwani. "Mwanangu, unamkumbuka Munyakei?"

Kwa wasiomkumbuka, David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Mikononi mwake zilipita karatasi za malipo ya Goldenberg, kampuni iliyokuwa ikilipwa fidia kwa kuuza nje dhahabu na almasi ambazo hazikuwepo. Akatoa nakala, zikawafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 jambo likafika Bungeni. Alikamatwa akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Kesi ikaanguka, lakini kazi hakurudishiwa. Akaenda kujificha Mombasa, na mwishowe akarudi Narok, ng'ambo ya milima ya Mau tunayoiona kutoka huku. Alifariki mwaka 2006, akiwa maskini.

Mama alikuwa ananionya, na sikumlaumu. Nina karo ya watoto wawili. Lakini jioni ile nikielekea nyumbani sikuwa nikimfikiria Munyakei sana. Nilikuwa nawafikiria wakuu wake. Karani hafanyi kazi peke yake. Juu yake kuna mtu, na juu ya huyo kuna mwingine, na karatasi zile zile ziliwapitia. Angesimama mmoja tu, karani angekwenda zake nyumbani kula ugali wake. Sasa hapa kwetu mimi ndiye niliye juu, na chini yangu kuna mwanafunzi asiyejua hata kwamba anajadiliwa.

Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja. Saa, kompyuta, akaunti, jedwali lililopakiwa. Sikuandika jina la meneja, maana kumbukumbu hazikuwa na jina lake, na kudhani si kujua. Niliandika kwamba kijana hakuwepo, na kwamba kosa la neno la siri la pamoja ni langu. Kisha, kabla ya kuituma kwa mkurugenzi, nikampelekea meneja aisome. Rafiki yangu mmoja alisema huo ni ujinga, nimempa nafasi ya kujipanga. Labda. Sikutaka aisikie kikaoni.

Aliisoma mara mbili. "Umeniuza," akasema.

"Nimejiuza mimi kwanza, bosi. Angalia aya ya mwisho."

Wakulima walilipwa tofauti yao mwezi uliofuata. Kijana alimaliza wiki zake tatu, akaondoka na barua nzuri. Mimi nilipata onyo la maandishi, na ile nafasi ya mkuu wa idara niliyokuwa nimeahidiwa ikaenda kwa mwingine. Meneja hakunisalimia kwa karibu miezi miwili, na katika ofisi ndogo kama yetu hiyo ni safari ndefu, hasa meza yako ikiwa njiani kwenda chooni.

Juzi alisimama mezani kwangu. Siku hizi kila mtu ana akaunti yake na neno lake la siri, na yeye alikuwa amelisahau lake kwa mara ya tatu. Nikamwekea jipya. Alilinakili kwenye kikaratasi, akakitazama, akanitazama, akakitia mfukoni.

"Nitakichana nikifika," akasema. Kisha akauliza watoto wanaendeleaje.