Nane ya Jua na Nane ya Karatasi

Tulipokuwa karani kijana, tuliandika barua ya kumwita mzee mmoja mbele ya baraza lililoamua mpaka wa shamba lake. Tukaweka "saa 8:00", kwa hesabu ya Kizungu tuliyoizoea darasani. Mzee akafika saa nane mchana, kanzu imejaa vumbi. Baraza lilikwisha tangu asubuhi. Akatuuliza kwa upole, "Mwanangu, kumbe nane ya karatasi si nane ya jua?" Hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile twaziheshimu hesabu za wazee wetu. Vitu twavihesabu kwa makumi, kama vidole. Lakini si kila kipimo hufuata kumi. Mchana una saa kumi na mbili, na saa ya kwanza huanza jua lichomozapo. Katika nchi zetu, zilizo karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, basi hesabu hiyo haimpotezi mtu. Vibaba vinne ni pishi. Shibiri mbili, mkono. Mikono minne, pima. Nne hukatika nusu kwa nusu bila mizani, na kumi na mbili hugawika kwa wawili, watatu au wanne pasipo baki.

Hatuwaambii vijana waache kilo na mita, kwani biashara yahitaji kipimo kimoja. Twawasihi tu: kabla ya kuandika namba, mjue msomaji aanzia wapi kuhesabu. Mpaka wa mzee yule uliamuliwa yeye hayupo, na kosa lilikuwa letu.