Uliza, Halafu Nyamaza

Wengi hapa chuoni wanadhani kusomea utangazaji ni kujifunza kuwa na sauti nzuri. Ukisema uko mwaka wa pili, uandishi wa habari, unaambiwa, "Hebu tangaza kidogo tusikie!" Sauti inasaidia, sikatai. Lakini kazi yenyewe iko kwenye saa ya ukutani na kwenye masikio.

Tuanze na saa. Vitabu vya Kiingereza tunavyosoma vinasema mtangazaji husoma maneno kama 3 kwa sekunde, yaani habari ya sekunde 30 ni maneno 90. Jaribu hesabu hiyo kwa Kiswahili uone. "Hawakutuambia" kwetu ni neno moja. Kwa Kiingereza ni manne au matano. Mimi kwa sekunde 30 naishia kwenye maneno 60 hivi, na humo lazima mtu aelewe nani, nini, wapi, lini na kwa nini. Msikilizaji wa redio harudi nyuma kama msomaji wa gazeti. Ndiyo maana tunafundishwa: sentensi moja, jambo moja.

Halafu masikio. Ukiuliza "Je, maji yanatoka?" utajibiwa "Hapana," basi. Uliza "Mnafanyaje yasipotoka?" ndipo upate habari. Ukishauliza, nyamaza. Hata ile "mhm, mhm" yetu ya maongezi iache, maana inaingia kwenye kinasa sauti na kuikata baadaye ni kazi. Itikia kwa kichwa. Kimya cha sekunde 3 kinatisha, ila mara nyingi ndicho kinachomfanya mtu aseme lile alilokuwa analizunguka.

Muhula uliopita nilipewa habari ya maji mabwenini. Msimamizi akanipa jibu la kiofisi: tatizo linashughulikiwa. Nikaenda kwa mama mmoja wa usafi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza natoka redio ya chuo, akakubali, nikawasha kinasa sauti akiona. Swali moja, nikanyamaza. Akasimulia anavyoamka saa tisa usiku ili awahi kupandisha ndoo ghorofa nne, vyoo vyetu viwe safi asubuhi. Dakika 6, na kila neno lilifaa hewani. Mwisho akauliza, "Mwanangu, hii na mabosi wataisikia? Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu."

Mhariri wetu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alitaka kuirusha. "Alishakubali. Bila sauti yake habari imepoa." Nikabisha. Kiongozi akihojiwa ana ofisi ya kumlinda. Yule mama alikuwa anaongea na mtoto aliyemwamkia. Tulibishana sana, jamani. Mwishowe sauti yake ikabaki kabatini. Nikarekodi ndoo zikipandishwa ngazi, nikawahoji wanafunzi wawili walioona hali hiyo na wakakubali kutajwa. Yeye ndiye aliyenionyesha cha kuwauliza.

Habari ilirushwa jioni, sekunde 50. Ilikosa nguvu fulani, hilo najua. Lakini mama bado yuko kazini, na juzi kanisimamisha ngazini kunidokezea jambo jingine.

Kwa hiyo ukituona na vinasa sauti, uliza: itarushwa lini, nani ataisikia? Ni haki yako. Nasi tunapaswa kukueleza hata kabla hujauliza.